Je, Wajua? Mmoja wa Haraka, Thika!

Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno moja linalotosha kwa kiti kilicho wazi, kazi isiyo na mtu, muda wa kufanya jambo na hata daraja analoshika mshindani? Ni nafasi. "Kuna nafasi ya mmoja." "Wametangaza nafasi tatu za ukarani." "Leo sina nafasi." "Ameshika nafasi ya pili." Tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako nafas ni pumzi. Penye nafasi ndipo mtu anapoweza kuvuta pumzi. Toleo la leo ni la nafasi za aina zote hizo, kuanzia stejini Thika na Ruiru hadi vumbi la mbio za magari Naivasha.

Je, wajua kwamba njia iliyozoeleka ya kuingia kwenye usukani wa matatu haina barua ya maombi? Inaitwa skwodi. Dereva wa skwodi hana gari lake. Anashinda stejini, analijua kila gari la sacco na tabia zake, leseni iko mfukoni, na dereva wa kudumu akichoka, akiugua au akienda matanga, yeye hushika usukani kwa mizunguko kadhaa. Mizunguko ikienda vizuri anaitwa tena. Siku dereva huyo wa kudumu akihamia gari jingine, mwenye mali hapati shida ya kutafuta mtu, kwa sababu mtu yuko pale pale.

Nilimwona mmoja Thika saa kumi na moja na nusu alfajiri akikabidhiwa funguo za gari la njia ya 237. Hakukimbilia kiti. Alilizunguka gari zima, akabonyeza kila tairi kwa kisigino, akainama kutazama kama kuna mafuta yaliyodondoka chini. Alipoketi alivuta kiti mbele, akageuza kioo, akakanyaga breki mara tatu kabla hajawasha injini. Nje kondakta alikuwa anaita, "Mmoja wa haraka! Mmoja twende!" Abiria kumi na watatu waliokwisha kaa hawakujua kwamba wanapelekwa Nairobi na mtu ambaye jana yake alikuwa akiosha vioo vya gari hilo hilo.

Je, wajua kwamba jina matatu linatokana na nauli? Ni senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo kwa Kikuyu ziliitwa mang'otore matatu.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1973 matatu zilikuwa kazi ya kujificha? Kenya Bus Service ndiyo iliyokuwa na kibali cha kubeba abiria Nairobi. Lakini mabasi hayakufika kila kitongoji, na watu walikuwa wanaongezeka. Wenye Peugeot kuukuu na pikapu waliona pale ambapo basi haligusi, wakaingia na kupita kwa woga wa polisi. Mwaka huo Rais Jomo Kenyatta alitamka kwamba waruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Tamko hilo lilihalalisha kitu ambacho tayari kilikuwa kinatembea. Hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo: ruhusa ilikuja mwisho. Waliokuwa wakingoja ruhusa kwanza ndipo wanunue gari, walikuta barabara ina wenyewe.

Je, wajua kwamba sheria kali nazo huacha nafasi? Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na kondakta. Wasafiri wengi walikwama stejini siku zile. Kwa fundi, kila gari nchini lilikuwa limegeuka kuwa kazi: mtu wa kufunga mikanda, mtu wa kuunganisha kidhibiti mwendo, mtu wa rangi, mtu wa kushona sare.

Je, wajua kwamba bodaboda ilizaliwa katika pengo la kupimika kwa hatua? Mpakani Busia, kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho gari la abiria halikuweza kuvuka bila makaratasi. Msafiri alishuka huku, akabeba mzigo kichwani hadi kule. Miaka ya 1960 vijana walileta baiskeli zenye kikalio nyuma, wakaita wateja kwa jina la safari yenyewe, boda hadi boda. Hapakuwa na kazi ya namna hiyo pale kabla yao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwatangazia. Mwaka 2008 Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zisizozidi cc 250, kazi iliyoanzia mpakani ilifika hadi Kihunguro na Kiandutu.

Je, wajua kwamba Hoteli ya Blue Posts ya Thika ilianza mwaka 1908? Iko kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Wasafiri waliotoka Nairobi kwenda Fort Hall, Murang'a ya leo, walihitaji mahali pa kupumzisha wanyama na miili, na mtu akaona kwamba hapo katikati hapana kitu.

Je, wajua kwamba Ruiru imeipita Thika kwa wingi wa watu? Sensa ya 2019 iliandika wakazi 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Wazee wetu waliijua Ruiru kama mahali pa kupita tu, kahawa kulia na kahawa kushoto.

Tuingie kwenye mbio za magari.

Je, wajua kwamba katika Safari Rally huendi kumpita mwenzako? Katika mbio za uwanjani dereva hutafuta upenyo kati ya gari na ukuta. Safari ni tofauti: magari huachiwa moja moja, dakika kadhaa zikiwa zimepita, na kila mtu hushindana na saa. Pengo lile la dakika linawekwa ili vumbi litulie. Upepo ukikataa kuvuma, vumbi huning'inia barabarani kama pazia na anayefuata anaendesha kwa kukisia. Anayetangulia naye ana shida yake: barabara ikiwa kavu yeye ndiye anayewafagilia wenzake changarawe. Mvua ikinyesha mambo yanageuka, maana wa mbele anakanyaga njia ambayo bado haijachimbwa kuwa tope. Kwa hiyo nafasi ya kwanza kwenye foleni inaweza kuwa baraka asubuhi na mzigo mchana.

Je, wajua kwamba kuwahi mno kunaadhibiwa zaidi kuliko kuchelewa? Kila gari la rali lina kadi ya muda, na navigeta, anayeketi kando ya dereva akimsomea njia, huikabidhi kituoni kwa dakika aliyopangiwa. Akichelewa dakika moja, wanaongezewa sekunde 10. Akiwahi dakika moja, wanaongezewa dakika nzima. Ndiyo maana utaona gari la mamilioni limeegeshwa kimya mita chache kabla ya kituo, dereva ametulia, na navigeta anatazama saa yake bila kupepesa macho. Vijana wengi wanaoniambia wanaipenda rali wanakitazama kiti cha dereva pekee. Kiti cha navigeta kinahitaji kichwa cha hesabu, sauti iliyotulia na mtu asiyetapika akisoma huku gari linaruka. Kinagombewa na wachache zaidi.

Je, wajua kwamba mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari na yakamaliza 7 tu? Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Peugeot 404. Mvua ya Aprili iliwatoa wenye kasi barabarani, ikawaachia nafasi walioweza kufika.

Je, wajua kwamba ushindi wa kwanza wa Joginder Singh ulitoka katika gari ambalo kiwanda kilikuwa kimelimaliza? Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye spana, na mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza wa doria wa chama cha magari cha Afrika Mashariki, yule anayetumwa barabarani kukwamua magari ya wanachama. Fikiria shule hiyo: kila siku unaona gari lipi limekufa wapi, na kwa sababu gani. Timu ya Volvo ilishiriki Safari ya 1964, mambo yakaenda vibaya. Joginder akachukua moja ya magari hayo ya PV544 yaliyotumika, akalitengeneza na ndugu yake Jaswant, na mwaka 1965 wakashinda nalo. Wengine waliona bati lililochoka. Yeye alijua ndani ya bati lile kuna nini, kwa sababu magari yaliyochoka ndiyo yaliyokuwa riziki yake. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

Je, wajua kwamba mshindi wa Safari mara tano alikuwa mkimbizi? Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, Mehta akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo.

Je, wajua kwamba mwaka 1994 Wakenya wawili walikuwa ndani ya nne bora? Ian Duncan alishinda kwa Toyota Celica, na Patrick Njiru akawa wa nne kwa Subaru.

Je, wajua kwamba Charles Muhangi wa Uganda alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1999, na kwamba Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, akiwaacha wanaume wote nyuma?

Je, wajua kwamba Safari ilipotolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, kuna watu hawakukaa kuomboleza? Desemba 2003 yalifanyika mashindano ya kwanza ya East African Safari Classic, ya magari ya zamani. Wazo lilikuwa rahisi: barabara zipo, mafundi wapo, kumbukumbu za watu wa Ulaya kuhusu Safari zipo, kilichoondoka ni nembo. Kwa miaka yote ambayo ubingwa wa dunia haukuja hapa, mafundi wa Kenya waliendelea kupata kazi kwenye magari hayo ya wazee, na mikono haikusahau. Ubingwa wa dunia uliporudi Juni 2021, ulikuta watu wanaojua kupokea wageni.

Je, wajua yaliyotokea Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano hayo ya 2021? Thierry Neuville wa Hyundai aliamka akiongoza kwa karibu dakika nzima. Shokabsoba ya nyuma ikamwangusha asubuhi hiyo hiyo. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili, mara yake ya kwanza kupanda jukwaani. Na nyuma yao, katika nafasi zilizoachwa na magari makubwa yaliyovunjika, Onkar Rai akawa wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa. Wakenya watatu mfululizo. Rai alikuwa kwenye Volkswagen Polo, gari ambalo ndugu yake mnyenyekevu, Polo Vivo, amewahi kuunganishwa hapa Thika. Nitalirudia hilo baadaye kidogo.

Je, wajua kwamba Michael Schumacher, bingwa wa dunia mara saba, aliingia Formula 1 kwa sababu dereva mwingine alifungwa jela? Agosti 1991 Bertrand Gachot wa timu ya Jordan alihukumiwa London kwa kumpulizia dereva wa teksi gesi ya kutoa machozi. Kiti kikabaki wazi siku chache kabla ya mashindano ya Ubelgiji. Schumacher hakuwahi kushindana pale, akazunguka njia ile kwa baiskeli ili ajifunze kona. Akaanza wa saba. Klachi ilikufa mzunguko wa kwanza, lakini waliotakiwa kuona walikuwa wameona: mashindano yaliyofuata alikuwa na Benetton.

Je, wajua kwamba jambo hilo lilijirudia majuzi tu? Machi 2024, Saudi Arabia, Carlos Sainz wa Ferrari alipelekwa kupasuliwa kidole tumbo. Ijumaa Oliver Bearman, miaka 18, aliambiwa ni wewe. Akafanya zoezi moja, akaanza wa 11, akamaliza wa saba. Mwaka 2025 akawa na kiti chake mwenyewe, timu ya Haas. Nikisoma habari hizo mawazo hunirudisha kwa kijana wa 237 aliyekanyaga breki mara tatu. Kiti ni tofauti, mshahara ni wa mbali kama mbingu na ardhi, lakini skwodi ni skwodi.

Turudi nyumbani.

Je, wajua kwamba Ruiru ina mti wa kahawa unaobeba jina lake? Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni uliangamiza kahawa ya Kenya, matunda yakinyauka yangali mabichi. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza kuchanganya mbegu mapema miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mti wake ni mfupi. Kwa hiyo hekta iliyokuwa ikichukua miche 1,300 hivi ya aina ya zamani huchukua 2,500 ya Ruiru 11. Nafasi kati ya mti na mti ilikuwa pale miaka yote, ila kila mti ulihitaji kutanua mikono.

Sasa sikia upande wa kazi. Mbegu ya Ruiru 11 haiokotwi chini ya mti. Inatengenezwa kwa mkono, ua kwa ua, chavua ya baba ikipelekwa kwa mama. Ni kazi ya taratibu, na mbegu haitoshelezi wanaoitaka. Katika upungufu huo wameingia watu wa kubebesha: wanachukua kisiki cha kahawa ya babu, chenye mizizi iliyokwisha shika ardhi, wanakipachika kikonyo cha Ruiru 11 au cha Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010, wanafunga kwa utepe wa nailoni. Mkulima hahitaji kung'oa. Mwenye kisu kikali na mkono usiotetemeka hulipwa kwa kila kikonyo kilichoshika.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilikuwa taasisi ndogo ya mjini Thika? Simon Gicharu aliianzisha kwa jina la Thika Institute of Technology, wakati maelfu ya waliofaulu walikuwa hawapati nafasi vyuo vya umma. Hati ya chuo kikuu ilitolewa mwaka 2011.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 Kenya ilipata ajira mpya zipatazo 782,000, na kwamba tisa kati ya kila kumi zilikuwa katika sekta isiyo rasmi? Hizo ni hesabu za Shirika la Takwimu la Taifa. Kazi za namna hiyo hazikai kwenye gazeti la Ijumaa. Nasema hili nikiwafikiria vijana ninaowaona kwenye saiba za Ruiru wakichapisha wasifu wao nakala ishirini, shilingi kumi kila ukurasa. Wasiache kuchapisha. Ila mlangoni pa saiba hiyo hiyo kuna fundi anayetafuta mtu wa kusoma mchoro wa umeme wa gari na hampati.

Na hapo ndipo Thika inapoingia.

Je, wajua kwamba Thika imekuwa ikiunda magari tangu enzi za Leyland? Kiwanda kiliundwa mwaka 1974 kama Leyland Kenya, na mwaka 1989 kikachukua jina la Kenya Vehicle Manufacturers, KVM. Desemba 2016 kikaanza kutoa Polo Vivo. Hata mahusiano ya Volkswagen na Kenya si mageni: kobe wake, yaani Beetle, alishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Na mwaka 2024 kampuni ya BasiGo ikaanza kuunganishia mabasi yake ya umeme katika kiwanda hicho hicho cha Thika.

Basi la umeme halina klachi. Halina plagi, halina tenki la dizeli, halina oili ya injini ya kumwaga. Fundi mmoja wa Makongeni, mtu wa makamo aliyelea watoto wanne kwa injini za dizeli, aliniuliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa mimi nitafungua nini?" Tukakaa kwenye magurudumu mabovu, tukahesabu pamoja. Breki zipo. Matairi yapo, tena gari la betri ni zito na linayala. Springi, bushi, steringi, viti, milango, taa, vioo, rangi, vyote vipo. Kisha kuna kile ambacho bado hakina mafundi wengi: nyaya nene za rangi ya machungwa. Rangi hiyo ni onyo linalotumika duniani kote, kwamba ndani mnapita umeme wa mamia ya volti na usiguse kama hujafunzwa.

Nilirudi kwake miezi michache baadaye. Alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni ya umeme wa magari, na anajitayarisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambao kwa miaka thelathini hakuona sababu ya kuufanya. Gereji ilikuwa ile ile, Isuzu moja juu ya mawe, beseni la oili chini yake. Ukutani, kwenye msumari wa peke yake, mbali na spana zenye grisi, alikuwa ametundika glavu nene za mpira za kushikia nyaya zile. Hajaletewa basi hata moja. Kila asubuhi anazishusha, anazipulizia hewa kuona kama zina tundu, anazirudisha.